Redio ya nyanya na sakoshi ya kukimbia

Nyumbani kwetu Goma kuna redio tatu, na kila moja ilinunuliwa kwa sababu ya kosa la ile iliyoitangulia. Wenzangu wa kitivo wananicheka: mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ambaye akishuka Birere haulizi bei ya viatu, anauliza redio inatumia pile ngapi. Lakini hao hao, mmoja mmoja, wamekuja kuniuliza wawanunulie wazazi wao redio gani. Jibu langu limekuwa refu kila mara kuliko walivyotaka, na nusu yake si habari ya redio hata kidogo. Afadhali niliandike mara moja.

Redio ya kwanza ndiyo tuliyokuwa nayo Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka jioni bila tangazo lolote kutufikia kabla. Ilikuwa redio ya kupendeza macho: nyekundu, ina taa, ina tundu la USB na la kadi ya kumbukumbu, na betri ya ndani ya kuchajiwa. Wiki nzima wadogo zangu walikuwa wameipigia muziki. Anga ilipogeuka rangi juu ya mlima, umeme ulikatika. Simu hazikupita, maana mji mzima ulikuwa unapiga kwa wakati mmoja. Na redio ilitusemea dakika chache, ikaanza kukoroma, ikanyamaza.

Usiku ule tulipata habari kama walivyozipata watu wa mwaka 1977, kwa mdomo wa mpita njia. Mmoja alisema lava imefika uwanja wa ndege. Mwingine alisema uwanja umeshaungua wote. Wa tatu aliapa kwamba ni Nyamulagira, si Nyiragongo, kwa hiyo turudi kulala. Wazee waliokumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, hawakubishana na mtu. Walishika njia ya Gisenyi. Sisi tulikaa uani na viatu miguuni hadi kukapambazuka. Asubuhi ndipo tulipojua kwamba lava imesimama Buhene, ukingoni mwa mji, kwamba imekata barabara ya Rutshuru, nyaya za umeme na mabomba ya maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, na kuta zikapasuka.

Alhamisi tarehe 27, alfajiri, jirani yetu mmoja, papa fundi wa kushona, aliweka redio yake dirishani ili ua wote usikie. Ilikuwa redio ya kizamani yenye pile kubwa nne, antena yake imefungwa waya. Gavana wa kijeshi alikuwa anatangaza kwamba kartiye 10 kati ya 18 za mji ziondoke, kwa kuwa kuna magma chini ya mji na chini ya ziwa, na mlipuko mwingine unaweza kuja bila dalili. Yetu ilikuwa mojawapo ya zile 10. Mara ya kwanza nililisikia tangazo hilo kwa Kifaransa. Nusu ya ua walinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. "Anasema nini?"

Nikasema: "Wanasema tuhame."

Nimelifikiria neno hilo kuliko neno lolote nililolisoma darasani. Katika Kiswahili chetu cha Goma, kuhama ni kubadili nyumba. Anayehama anabeba kitanda. Sikulitambua hilo mpaka nilipomwona mama wa nyumba ya pili akifunga magodoro kwa kamba, na mumewe ametoka mbio kutafuta chukudu ya kubebea kabati. Saa nzima ilipotea hivyo. Ningesema "tukimbie", pengine wengine wangeacha hata watoto, kwa kuwa kukimbia kwetu ni neno la vita. Mtu akilisikia haulizi swali. Ningesema "tutoke", wangetoka uani na kusimama barabarani kutazama mlima. Baadaye nilisikia tangazo lile lile kwa Kiswahili kwenye redio mbili, na kila mtangazaji alikuwa amechagua kitenzi chake. Neno *évacuation* halina mwenzake mmoja kwetu. Lina sentensi: tutoke sasa hivi, kila mtu na kile anachoweza kubeba mwenyewe, na tutarudi tutakapoambiwa. Ningesema hivyo, kabati lingebaki.

Tulikwenda Sake, kama kilomita 25, pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu, nyanya akiwa amekaa nyuma ya pikipiki katikati ya dereva na mimi. Begi nilikuwa nimelifunga mimi. Lilikuwa na diploma yangu ya Serikali, kompyuta, chaja mbili, biskuti, unga, sambaza waliokaushwa, blanketi moja. Nilijiona mtu wa akili.

Usiku wa pili nyanya alianza kulalamika kichwa, kisha akasema haoni vizuri. Katika kituo cha afya muuguzi alimpima presha, akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa upole: anatumia dawa gani?

Sikujua. Nikamgeukia nyanya.

"Kale kadogo keupe," akasema. "Ka asubuhi."

Wasomaji wa jarida hili wataona mara moja kile nilichokiona na mimi hata katika hofu ile: kiambishi *ka-*, ambacho Kiswahili sanifu kimekiacha na sisi bado tunakitumia kila siku pamoja na wingi wake *tu-*. Ningeweza kuichanganua sentensi ile kiambishi kwa kiambishi. Jina la dawa sikuwa nalo. Muuguzi akaanza kutaja majina, moja baada ya jingine, na nyanya, kwa adabu, akaitikia yote. Dawa za presha si moja, na vidonge vyeupe vidogo vya asubuhi ni vingi. Yule muuguzi alitoa alichokuwa nacho, akakaa naye karibu mpaka usiku wa manane. Nyanya alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukurudi sawasawa. Hata leo kikombe hukishika kwa mikono miwili. Tuliporudi nyumbani mwezi wa Juni, nilikuta paketi ya dawa dirishani, mahali pale pale inapokaaga siku zote, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa za buluu.

Redio ya pili niliinunua mwaka ule ule. Niliapa kwamba haitazimika kwa kukosa umeme, kwa hiyo nilichukua yenye kibao cha jua na betri bapa, ile BL-5C ya simu za Nokia za zamani. Kuhusu betri hiyo sijuti. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna simu mbili tatu za vibonye zilizokufa, na betri zake bado zinafaa. Unatoa hii, unatia ile. Kibao cha jua ni hadithi nyingine. Kwenye redio ndogo kina ukubwa wa kiberiti, na mawingu ya Goma hayakijui. Nilikiacha juani siku nzima nikapata muda mfupi tu wa kusikiliza. Kibao hicho ni cha kusaidia, si cha kutegemea, na muuzaji atakayekuambia vinginevyo hajawahi kukaa na redio yake wakati wa masika.

Kuna pia redio za kuzungusha mpini kwa mkono. Mwingereza Trevor Baylis aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kutazama kipindi cha televisheni juu ya kuenea kwa UKIMWI barani Afrika. Alitaka watu wasio na umeme wala pesa ya pile waweze kusikia matangazo ya afya. Zilikuja kutengenezwa Cape Town. Wazo ni zuri, lakini nilizoziona mimi sokoni siku hizi ni nyepesi mno, mpini wake ni wa plastiki, na sikutaka kuweka usalama wa nyumba kwenye plastiki ile.

Kosa la redio ya pili lilikuwa jingine kabisa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika. Mimi nilikuwa nimekwama kwa rafiki, kartiye nyingine, siwezi kuvuka. Nyumbani redio ilikuwepo, betri imejaa, na nyanya amekaa mbele yake bila kusikia neno. Ilikuwa ya vibonye: unabonyeza, yenyewe inatafuta stesheni na kuzihifadhi kwa namba. Ukitoa betri inasahau zote. Mdogo wangu alikuwa ametoa betri, akairudisha, na hakuna aliyejua kuiamsha isipokuwa mimi. Nilichagua redio kwa ajili ya mikono yangu, nikaiacha mikononi mwa mwanamke wa zaidi ya miaka 70 mwenye mkono mmoja dhaifu.

Ya tatu nilikwenda kuinunua pamoja naye. Muuzaji alianza na zile zinazong'aa.

"Hii iko na lampe, iko na USB, inashika yote, dada."

"Asante, papa. Tunatafuta yenye inakulaka mabuye."

Mabuye, mawe, ndivyo nyanya anavyoziita pile, na muuzaji alicheka kwa furaha kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake. Alitoa chini ya meza redio ya kijivu yenye pile mbili kubwa, zile R20 zinazouzwa hata kwenye kibanda kinachouza mishumaa na chumvi tu. Ina FM na masafa mafupi. Ina tundu la visikilizi, jambo ambalo watu hulidharau: visikilizi hula pile kidogo kuliko spika, na kuna usiku ambao hutaki anayepita barabarani ajue kwamba ndani kuna watu macho. Na ina gurudumu la kutafutia stesheni, lenye sindano inayotembea. Nilimwomba nyanya afumbe macho na kuitafuta Radio Okapi. Muuzaji alidhani tuna wazimu. Aliipata kwa mkono wa kulia peke yake, kwa muda wa kusema Baba Yetu. Tukalipa.

Kuhusu FM na masafa mafupi, watu huniuliza kwa nini nasumbuka na ya pili. FM inasikika vizuri lakini haiendi mbali, haipendi milima, na inategemea mnara ulio karibu. Mnara ukikosa umeme au watu wakikimbia stesheni, namba ile inabaki upepo mtupu. Mawimbi ya masafa mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali, kwa hiyo sauti yaweza kutoka mahali ambapo hakuna anayekimbia. Matangazo yake yanapungua mwaka hadi mwaka, ni kweli. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, wiki chache tu baada ya mlipuko ule wa Januari, inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, na nyanya anaijua kwa sauti za watangazaji wake kabla hata hawajataja jina la stesheni.

Mabuye yasikae ndani ya redio isiyotumika. Hutoa maji na kula chuma. Hilo nililijua, nikalisahau, nikapoteza redio ya jirani niliyoazima.

Niseme jambo moja la rangi, maana wahadhiri wetu watalipenda. Hatari ya volkano kwetu hutangazwa kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Mpango mzuri, hadi unapomuuliza nyanya. Kinande chake na Kiswahili chake vina nyeusi, nyeupe na nyekundu. Vingine vyote ni "kama majani", "kama bizari", au Kifaransa. Berlin na Kay waliandika mwaka 1969 kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi itakuwa na hayo hayo matatu, na tuliyasoma hayo kama jambo la kale la vitabuni. Mimi nililikuta barabarani. Nilimwonyesha nyanya rangi ya chungwa kwenye kitenge. "Nyekundu," akasema. Nikamwonyesha nyekundu yenyewe. "Nyekundu, ya kuiva." Yaani hatua ile ya kujiandaa na ile ya kuondoka, kwake ni hatua moja. Siku hizi tumekubaliana kwamba redio ikisema rangi yoyote isiyo ya majani wala ya bizari, anavaa viatu. Nadhani mpango huo haukosi akili.

Lipo pia neno tulilowapa wengine. Wanasayansi wa volkano, hata wanaoandika kwa Kiingereza na Kifaransa, huyaita *mazuku* yale mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikiua mbuzi na wakati mwingine mtoto. Vitabu vyao hulifasiri "upepo mbaya". Mimi husikia mzuka ndani yake. Neno hilo limo kwenye sakoshi yetu kama kitu cha kubebwa: ukilala njiani, usilale kwenye shimo, hata kama shimo lina majani laini na upepo hauingii. Aliyesoma habari za ziwa Nyos la Kameruni, ambako gesi iliyotoka ziwani iliua watu zaidi ya 1,700 katika usiku mmoja wa Agosti 1986, anajua kwa nini tangazo la 2021 lilipotaja ziwa, wazee hawakupenda kulala pwani.

Sakoshi yenyewe sasa iko nyuma ya mlango, na tunaiita sakoshi ya kukimbia, kwa neno lile la vita, makusudi. Sitaorodhesha yote yaliyomo. Maji, chakula na blanketi kila mtu anayakumbuka. Yanayosahaulika ni madogo. Miwani ya pili ya nyanya, hata kama kioo kimoja kimekwaruzika. Namba za simu za ndugu, zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa kuwa hakuna kati yetu anayejua hata moja kichwani siku hizi. Nakala ya kadi ya kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Pesa taslimu, franka za noti ndogo ndogo: mtandao ukianguka pesa ya simu haipo, mwenye pikipiki hana chenji, na dola iliyopasuka kidogo pembeni hakuna anayeipokea hata mlima ukiwaka. Filimbi. Dawa ya kusafishia maji, maana kutoka ziwani maji yanapatikana lakini na kipindupindu kinapatikana. Vitambaa vya hedhi, ambavyo baba zetu hawavitaji na kwa hiyo havifungwi. Kitenge kimoja zaidi, cha kubebea mtoto, kujifunika, kufanya pazia. Viatu vya kufunga.

Na jina la dawa. Nimeliandika mara tatu, mahali patatu, kwa herufi kubwa, pamoja na kipimo na saa. Nyanya amelikariri pia. Alikataa mwanzoni, akasema neno lenyewe ni la kuvunja meno. Tukaligawa kwa silabi, nikalitia irabu mwishoni kama tunavyofanya kwa kila mgeni anayeingia katika lugha, na sasa analitaja bila kukosea, na anawafundisha mama wa kanisani majina ya dawa zao kwa njia hiyo hiyo.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, nikakuta sakoshi imefunguliwa na redio ya kijivu iko mezani, inaimba nyimbo za kwaya. Pile zilikuwa karibu kwisha. Nilikasirika.

"Nyanya, hii tuliinunua ya hatari."

Hakuipunguza sauti. "Radio yenye haisemake na mimi kila siku," akasema, "siku ya hatari nitajua namna gani kama inasema kweli?"

Nilitafuta la kujibu, sikulipata. Nilishuka mpaka kibanda cha kona, nikanunua pile nne. Mbili nilizitia kwenye redio. Mbili ziko kwenye sakoshi, zimefungwa pamoja na miwani kwa karatasi ile yenye jina la dawa.